Kutoka Nyamisati hadi Utete na Sitaha Kichwani

Safari hii ilianzishwa na tawi la mkorosho. Wiki moja kabla yake nilikuwa nimempakia Daktari Felista, mkuu wa mradi mdogo wa kutibu macho vijijini, tukaenda kujaribu njia za Rufiji kwa gari langu. Juu ya paa nilikuwa nimefunga keria ndefu ya vyuma, kizimba kabisa, kama ilivyokuwa fasheni ya Dar es Salaam siku zile. Kupita Kibiti kidogo, njia ikaingia katikati ya shamba la mikorosho, na mkorosho ni mti unaopenda kutanuka kuliko kurefuka. Tawi moja likaingia kizimbani. Gari likaendelea na safari, keria ikabaki, na masanduku mawili ya miwani yakamwagika mchangani.

Daktari hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliokota miwani moja moja, akaipuliza vumbi, kisha akaniandikia maagizo nyuma ya karatasi ya dawa: keria iwe bapa, ilale juu ya paa, isizidi kimo cha kiganja, chini iwe na mbao zilizoachiana nafasi kama chaga za kitanda, pembeni iwe na ukingo mdogo ili masanduku yasiteleze, ifike Utete Jumatatu ijayo kabla ya saa kumi na moja jioni.

"Isipofika, Hamisi, nitachukua gari jingine," akasema. "Sitakulaumu, na wewe usinilaumu."

Wasomaji wangu mnaijua miaka ile ya ruksa, milango ya nchi ilipofunguliwa, yakaingia mema na mitumba. Shirika la umma nililokuwa dereva wake lilifungwa, na kiinua mgongo changu chote nikakigeuza kuwa gari: shangingi lililokwishatumika Japani, likapitia Dubai, likanifikia na maandishi mlangoni ambayo hadi leo sijui yananisalimia au yananitukana. Nililipenda gari lile kupita kiasi. Lakini mjini kila aliyepunguzwa kazini alikuwa amenunua gari la kukodisha, na langu lilikuwa limekaa uani miezi miwili likianikiwa kanga. Mimi na mke wangu Zaina tulikuwa tumekwisha kubaliana: kazi ya daktari, miezi sita ya kuzunguka vijijini, ikipatikana gari libaki, ikikosekana, liuzwe.

Jumatano nzima nilishinda Gerezani kwa mchomeleaji. Alinitengenezea fremu nzuri ya vyuma, fupi, yenye miguu minane inayokamata mifereji ya paa kwa nati. Nilipomuuliza habari za sakafu akasema yeye ni mtu wa chuma, mbao hazimjui.

"Mpelekee baba," Zaina akasema jioni ile.

Baba yake, Fundi Mtoro, ni fundi wa vyombo vya baharini karibu na Nyamisati, kule Mto Rufiji unakogawanyika vijito kabla ya kuingia baharini. Mwaka mzima hakuwa ametia chombo majini, maana waliokuwa wakimwagiza majahazi sasa walikuwa wakinunua malori. Kwa hiyo kazi ingemfurahisha. Zaina akaniongezea wosia mmoja: "Mpe karatasi ya daktari aisome mwenyewe. Usianze kumpambia maneno. Nakujua."

Alhamisi, saa mbili asubuhi, nilikuwa nimekwisha ipita Mbagala. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kwa kubahatisha, leo ndiyo kesho hapana, na barabara ilikuwa na madimbwi ambayo dereva mwenye busara huyaamkia kwanza. Jaribu Mpakani nilinunua machungwa. Bungu nikaiacha barabara kuu na kukata kushoto, njia ya Nyamisati.

Njia hiyo nayo ina mikorosho, na hapo ndipo nilipoipima fremu yangu. Tawi la kwanza nililikaribia huku nimekunja mabega, utadhani mabega ndiyo yatakayopita chini yake. Majani yakaifuta fremu, yakaniachia. La pili vilevile. Kufikia la kumi nilikuwa naimba kwa sauti, na kina mama waliokuwa wanaokota kuni wakasimama kunitazama.

Saa kumi alasiri nikafika ukweni. Hapa inabidi nieleze kidogo. Kwa wakwe zangu, mkwe wa kiume ni mgeni wa heshima, na heshima hiyo ina uzito wake. Mkwe hukaa barazani. Mkwe hulishwa. Mkwe hasimami kwenye kiwanja cha kazi cha baba mkwe wake, wala hamrekebishi neno, wala hasemi chumvi imezidi. Miaka minne ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kumwambia mzee yule sentensi isiyoanza na "ndiyo, baba".

Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana hali za watu wote tunaowajua, kisha kahawa ikaja.

"Ehe, mkwe. Zaina kaleta salamu kuwa una kazi."

Karatasi ilikuwa mfukoni. Nilitakiwa kuitoa tu. Lakini nilimtazama mzee wangu, mikono ile iliyochonga majahazi yaliyokwenda hadi Mafia na Kilwa, nikaona haya kumwambia kwamba nimetoka Dar es Salaam kuja kumwomba chaga za kitanda. Chaga hata seremala wa uchochoroni anapanga. Nikatafuta neno linalolingana na hadhi yake, neno la sakafu ya juu ya jahazi.

"Baba, nataka unitie sitaha juu ya gari."

Akaweka kikombe chini. "Sitaha?"

"Sitaha, baba. Bapa, yenye ukingo wa vidole vinne."

"Itabeba nini?"

"Miwani, baba. Na dawa."

"Basi haifai kupitisha maji."

"Ndiyo, baba," nikasema, kwa kuwa mkwe huitikia.

Uso wake ukabadilika. Alisimama mara moja, akaenda kulizunguka gari, akalipima kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, huku akihesabu kimoyomoyo. Nilijisifu moyoni kwa kuchagua neno zuri.

Ijumaa, Jumamosi na nusu ya Jumapili nikakaa barazani kama desturi inavyotaka. Nilikula wali wa Rufiji kwa kamba waliopikwa kwa nazi, mchana na usiku, hadi mkanda ukaniomba radhi. Kutoka nyuma ya nyumba nilisikia tezo ikichonga, halafu nyundo, halafu siku ya pili mlio mwingine mdogo, tok tok tok, usioisha. Sikuujua ni mlio wa nini na sikuuliza.

Aliyenipa mazungumzo ni Bi Siwatu, mama yake Fundi Mtoro, bibi yake Zaina. Na bibi wa mke wako, kama mnavyojua, ni mke wako pia, tena mke mkubwa. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akiniona kama kivuli, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Mume wangu, umenenepa," aliniambia Jumamosi, akinipapasa mkono. "Ukirudi mjini yule mwenzangu Zaina atasema nimekulisha limbwata."

"Mke wangu, hicho ni chakula cha mkweo tu."

"Na hilo gari utanipakia? Nasikia daktari mwenyewe ni wa macho. Au unaona haya kuonekana na mke mzee?"

Nikamwahidi kumpeleka Utete akapimwe, na ahadi ile ndiyo iliyomfanya apige vigelegele peke yake barazani.

Jumapili mchana Fundi Mtoro akaniita kiwanjani. Majirani walikuwa wamekusanyika. Gari langu lilikuwa limesimama chini ya kibanda cha makuti, na juu yake kulikuwa na kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona juu ya gari. Mbao za mwembe, nyembamba, zimepigwa randa zikawa laini kama sahani, zimelala juu ya fremu bila kuinuka hata kidole. Ukingo wa mkandaa mwekundu umezunguka pande zote nne, na pembe zake zimeumana bila msumari kuonekana. Harufu ya mafuta ya papa ilinifikia kabla sijakaribia.

Hapo ndipo nilipoelewa ule mlio wa tok tok. Kila mwanya kati ya mbao na mbao alikuwa ameukalafati: amesokota pamba, ameichovya mafuta ya papa, ameisindilia kwa patasi na nyundo, kama wafanyavyo kwenye chombo ili bahari isiingie. Hapakuwa na upenyo wa kupita hata sindano.

"Leteni maji," akasema.

Ndoo ya kwanza aliimwaga mwenyewe. Maji yakatambaa hadi kwenye ukingo, yakatulia. Ndoo ya pili, ya tatu. Akainama, akaingiza mkono chini ya mbao na kugusa paa la gari.

"Njoo mkwe, tia mkono. Pakavu?"

"Pakavu, baba."

"Hata tone?"

"Hata tone, baba."

Majirani wakasema mashaallah. Fundi Mtoro akacheka. Sikuwa nimewahi kuyaona meno ya mkwe wangu. Siku ile niliyaona yote. Mimi nilicheka pia, huku nikiyatazama maji yale yaliyosimama. Chombo huzuia maji yasiingie kutoka nje. Hiki changu kilikuwa kimegeuzwa juu chini: kitayapokea ya mvua na kuyashika, na hakina pa kuyatolea. Ilibidi watu wawili wapande na kata za vifuu kuyakumba yale maji ya majaribio.

Ningesema pale pale. Ningesema, baba, nimekosea neno, toa pamba hizi. Lakini majirani walikuwa wanampa mkono, na mwaka mzima hapakuwa na mtu aliyempa mkono kwa kazi. Nikasema, "Ahsante sana, baba," nikaangalia mawingu.

"Kesho nakuja nawe," akasema. "Chombo changu hakijapata kwenda kwa mwenyewe bila mimi."

Jumatatu, saa tatu asubuhi, tuliondoka baada ya ubani na dua, kama chombo kinavyoshuliwa majini. Mzee alikaa mbele na kanzu yake nyeupe, mkoba wa vyombo vya kazi mapajani, maana fundi hatembei mikono mitupu. Bi Siwatu alikaa nyuma peke yake, akajinyoosha, akasema hajawahi kuwa na chumba kikubwa hivi. Mbingu zilikuwa safi. Matawi ya mikorosho yakapita juu yetu bila kugusa kitu, na kila likipita Fundi Mtoro alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilianza kuamini kuwa nitafika Utete pakavu, nimkabidhi daktari, kisha wiki ijayo nizitoe zile pamba kimya kimya na hakuna mtu atakayejua.

Mvua ilitukuta nusu ya njia. Haikututangazia, ilianza kama imeitwa. Nikasikia juu ya kichwa changu ile sauti ya kwanza, mvua ikipiga mbao, kisha sauti ikawa nzito, mvua ikipiga maji.

"Unasikia, mkwe?" mzee akasema kwa furaha. "Yanakaa. Hayapiti."

"Ndiyo, baba. Hayapiti."

Gari likaanza kuwa na mawazo yake. Nikikata kona kulia, lenyewe lilitaka kuendelea kidogo. Nikitoka kwenye shimo, liliyumba mara mbili zaidi ya ilivyostahili. Nilipiga hesabu: ukingo ule ukijaa ni karibu pipa zima la maji juu ya paa. Nikashika usukani kwa mikono yote miwili na kwenda mwendo wa maiti.

Adhuhuri tukafika Bungu, mvua imekatika. Mzee akateremka kwenda msikitini, nami nikamwambia nitaswali Kibiti, Mungu anisamehe. Alipotoweka tu nikakimbilia kwa mama muuza chai, nikaazima kikombe, nikapanda juu ya tairi. Basi nikakumba. Kikombe baada ya kikombe, katikati ya Bungu, mchana kweupe, mtu mzima na shangingi lake. Wauza machungwa wakasogea.

"Kaka, hiyo gari au kisima?" mmoja akauliza.

"Nasafisha vumbi," nikajibu.

Bi Siwatu akashusha kioo. "Mume wangu. Nasikia mtu anakumba maji. Tumezama?"

Nikateremka nikamweleza yote kwa kunong'ona: karatasi, chaga, sitaha, pamba. Nikamsihi asimwambie mwanawe. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akafuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Siri ya mume ni siri ya mke," akasema. "Lakini nikwambie? Mimi ndiye nilomzaa yule. Si yai."

Nilikuwa sijamaliza hata robo ya kazi mzee alipotokea. Nikarudisha kikombe, nikasema gari li tayari.

Saa nane tukapita Kibiti, tukashika njia ya Mkongo. Hapo mvua ilirudi, na safari hii ilikuja na ndugu zake. Wakati wote niliwaza nimwambie, na kila nilipofungua mdomo nilitoa neno jingine. Nilimuuliza habari za bei ya mpunga. Nilimuuliza habari za viboko. Aliponijibu nilisema ndiyo, baba. Juu yetu kulikuwa na pipa, na pembeni yangu kulikuwa na mzee mwenye furaha, na sikujua kipi kizito zaidi.

Saa kumi kasoro robo tukaufikia mto. Utete iko ng'ambo, na gari huvushwa kwa pantoni. Mteremko wa kwenda kwenye pantoni ulikuwa wa udongo uliolowa. Nilishuka polepole, gia ya kwanza, sala zote mdomoni. Pua ya gari ilipoinama, maji yote ya sitaha yaliamua kwenda mbele kwa pamoja. Yakaruka ukingo na kuangukia kioo, nikaona weupe mtupu, hakuna pantoni, hakuna mto. Nikakanyaga breki. Gari likateleza, likateleza tena, likasimama. Dirisha la mzee lilikuwa wazi kidogo, na ile sehemu ya maji iliyopitia pembeni ilimwingia yote shingoni.

Maji yalipokwisha kushuka niliona tairi la mbele kulia limebakiza dhiraa moja kufika ukingo wa gati, na chini yake mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unakwenda mbio.

Kisha mfanyakazi mmoja wa pantoni akaja kwenye dirisha langu. "Dereva, gari lako linatapika?"

Fundi Mtoro akafungua mlango. Kanzu ilikuwa imemganda mwilini. Akapanda juu ya tairi, akatazama ndani ya sitaha yake, ambamo maji yaliyobaki yalikuwa bado yanayumbayumba. Aliposhuka, aliongea kwa sauti ya chini.

"Jana nilipomimina ndoo, ulijua?"

Nilitaka kusema hapana. "Nilijua, baba."

"Daktari kaandika nini?"

Nikatoa karatasi. Akasema nisome, nikasoma, hadi kwenye chaga za kitanda. Nyuma yetu Bi Siwatu akashindwa kujizuia.

"Chaga! Mtoro, mtu kataka chaga, we umemjengea jahazi!"

"Sikuambiwa chaga, mama. Niliambiwa sitaha." Akanigeukia. "Kwa nini hukusema chaga?"

"Niliona ni neno dogo kwa fundi kama wewe, baba. Niliona nitakuvunjia heshima."

"Chaga neno dogo?" Sasa sauti ilipanda. "Mkeo kazaliwa juu ya chaga nilizopanga kwa mikono yangu. Mama yangu huyu analala juu yake. Na tangu jana umejua, ukampakia mama yangu chini ya maji, ukamleta hadi ukingoni mwa mto, unaniuliza habari za viboko! Hiyo si heshima, Hamisi. Huo ni woga umevaa kanzu."

Kwa mara ya kwanza sikusema ndiyo, baba. Nilisema, "Nimekosa. Nisamehe." Saa ilikuwa imefika kumi kamili, pantoni ilikuwa inapakia, na mimi nilikuwa nimekwisha liaga gari langu moyoni. Kufumua pamba zile kungekuwa kazi ya siku nzima.

Mzee alifungua mkoba wake, akatoa keekee ya kutobolea mbao. Akavua kanzu iliyolowa, akabaki na msuli na fulana, akapanda. Aliweka ncha ya keekee katikati ya ubao wa kwanza, halafu akasimama. Nilimwona akipitisha kidole juu ya ule mstari wa pamba, polepole, hadi mwisho.

"Tangu nijue kazi hii, kazi yangu ni kuziba," akasema, si kwangu wala kwa mama yake. Kisha akavuta upinde wa keekee, vumbi la mbao likaruka.

Tundu la kwanza lilipotokea, maji yalizunguka, yakashuka, yakateremka kwenye paa hadi chini. Watu wa pantoni wakashangilia. Mzee hakushangilia, ila alipotoboa la tano nilisikia akipiga mluzi. "Usisimame hapo kama mgeni," akanifokea. "Panda, shika ubao." Nikapanda, nikashika, tukafanya kazi tukiwa tumepiga magoti, paji la uso kwa paji la uso. Pantoni ikaondoka bila sisi. Alitoboa safu mbili, moja kila upande, karibu na ukingo, kila tundu limepimwa kwa shubiri, maana hata alipokuwa anaharibu kazi yake hakuweza kuiharibu vibaya. Pantoni iliporudi tulikuwa tumemaliza.

Saa kumi na moja kasoro dakika chache nililisimamisha gari mbele ya nyumba aliyopanga Daktari Felista, Utete. Alitoka na saa yake mkononi. Akalizunguka gari, akapanda kwenye tairi, akapapasa mbao, akavuta ukingo kwa nguvu zake zote, ukingo haukutikisika. Kisha akaingiza kidole kwenye tundu moja, halafu jingine.

"Haya sikuyaandika," akasema. "Ya kupitishia kamba, sivyo? Masanduku yatafungwa moja kwa moja kwenye mbao. Nani kafikiria hili?"

Mimi nikamtazama Fundi Mtoro. Yeye akanitazama mimi.

"Mvua," Bi Siwatu akasema kutoka garini.

Daktari hakuelewa, basi nikamweleza. Nilimweleza yote mbele ya baba mkwe wangu, tangu neno nililolibadilisha barazani hadi kikombe cha chai cha Bungu, na sikujipunguzia kitu. Alicheka, akasema miezi sita inaanza Jumatano ya wiki inayofuata. Halafu akamshusha Bi Siwatu taratibu, akamkalisha kwenye kiti, akammulika macho kwa kurunzi. Jicho la kulia litapasuliwa mwezi ule ule, akasema. La kushoto baadaye.

"Hilo moja linatosha kwanza," Bibi akasema. "Nimwone huyu mume niliyeozwa gizani."

Jumanne tulirudi kwa njia ile ile, na mvua ilitunyeshea kuanzia Mkongo hadi Kibiti. Matone yalitoka kwenye matundu kwa safu, kulia na kushoto. Mzee alitoa mkono dirishani kuyakinga, akawa anayatazama yakimjaa kiganjani na kumwagika. Nilipomfikisha kwake aliniambia nimsalimie Zaina, na nimwambie habari yote mwenyewe kabla hajaisikia kwa bibi yake. Nilimwambia. Zaina alicheka kwanza, akanikumbusha wosia wake baadaye, na ameendelea kunikumbusha hadi leo.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani namficha mzee jambo kwa sababu namheshimu. Kumbe nilikuwa nimemdharau. Nilimwona hawezi kubeba kosa moja, yeye aliyebeba magogo maisha yake yote. Gari halikuuzwa. Miezi sita ikawa mwaka na zaidi, na siku hizi nikienda ukweni sikai barazani. Nakwenda moja kwa moja kiwanjani, nami huulizwa kazi naionaje.

Mara ya mwisho alikuwa anapiga mbao kwenye mashua ndogo, nikamwambia, "Baba, ubao wa tatu umepinda." Hakunisemesha mpaka alasiri. Lakini ubao aliung'oa.